Ndoo ya Wapakiaji

Amedeus alikuwa amelala chali kwenye benchi, chuma kimening'inia juu ya kifua chake, pale Mkaguzi Sabaha alipoingia bila kubisha hodi na kuliweka kopo tupu sakafuni karibu na kichwa chake.

"Rudisha hicho chuma," alisema. "Tuongee."

Jimu yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko la Nachingwea. Baadhi ya vyuma vilinunuliwa dukani, vingine vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Wateja waliokuwa ndani walipomwona Sajini Benedikto na sare yake mlangoni, waliokota mashati yao wakatoka kimya kimya.

Amedeus aliketi, akajifuta jasho usoni. Alikuwa na shingo fupi, mabega mapana, na sauti laini isiyolingana na mwili ule. Aliliokota kopo akaligeuza. Lilikuwa na picha ya samaki wa bluu na maandishi makubwa: NGUVU YA KINA, PEPTIDI ZA BAHARINI KWA MISULI NA PUMZI. Chini palibandikwa karatasi ndogo yenye jina la jimu yake.

"Limetoka kwangu, Afande. Sikatai. Lina shida gani?"

"Limetoka kwenye mfuko wa marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mustafa Rahimu. Mpakiaji wa ghala la korosho la barabara ya Masasi. Jumanne alianguka na gunia begani, akafika hospitali ameshakata roho. Wamemzika kwao Likunja. Sasa niambie ulimuuzia nini."

"Mi simjui huyo mtu."

"Kopo lako anatembea nalo, halafu humjui."

"Simjui, Afande. Mtu anayebeba magunia kutwa nzima aje kwangu kunyanyua chuma cha nini?"

Sabaha alikuwa ametumwa kutoka ofisi ya upelelezi ya mkoa juzi yake, baada ya mjane wa Mustafa kwenda kituoni Ruangwa na kukataa kutoka mpaka mtu amsikilize. Cheti cha kifo kilisema moyo ulisimama. Mustafa alikuwa kijana, hakuwahi kulazwa, na hakuwa mtu wa pombe. Kitu pekee kilichokuwa mkononi mwa polisi ni kopo hilo, na nyapara wa wapakiaji ndiye aliyelitoa kwenye mfuko wa marehemu na kuwakabidhi.

"Ndani yake kuna nini?"

"Samaki," Amedeus alisema. "Wanachukua ngozi na mifupa ya samaki wa baharini, vile vitu ambavyo viwandani vinatupwa. Wanachemsha, wanaikata ile protini mpaka inabaki vipande vidogo sana. Hivyo vipande ndiyo peptidi. Ukinywa mwili unavichukua haraka, tumbo halipati kazi kubwa."

"Na misuli inaota."

"Kwa mtu anayekula vizuri na kulala, inasaidia kidogo."

"Kidogo. Hapa pameandikwa maradufu."

"Wameandika wa kiwandani."

"Na wewe unauza. Lete kopo zima, ufungue hapa mbele yangu."

Amedeus alitoa kopo kabatini, akakata karatasi ya mdomoni, akakoroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Unga ulikuwa na rangi ya maziwa mabichi. Uliyeyuka wote. Maji yalibaki mepesi, na Sabaha alipoinua glasi mwangani hakuona kitu kilichotuama. Alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Harufu ilikuwa ya dagaa waliolowekwa. Hapakuwa na chumvi wala uchungu.

Amedeus aliichukua glasi mkononi mwake, akainywa yote bila kuulizwa.

"Mama yangu anakunywa kwa ajili ya magoti," alisema. "Ana presha na sukari. Daktari wake anajua, wala hajamkataza."

Benedikto, aliyekuwa akizungukazunguka banda, alisimama konani penye rundo la makopo matupu ya unga, akauliza, "Haya makopo matupu mbona yote yako hapa kwako? Wateja wako hawaendi nayo?"

"Wateja wangu wananunua kijiko, Sajini. Namkorogea mtu anakunywa hapahapa. Nani Nachingwea hii wa kununua kopo zima?"

Sabaha aliweka glasi chini. "Basi hili alilokuwa nalo marehemu lilinunuliwa zima."

Amedeus alilitazama tena lile kopo la sakafuni. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amelifikiria hilo.

"Nani amewahi kununua makopo mazima hapa kwako? Usimtazame Sajini, nitazame mimi."

"Eustakio," alisema hatimaye. "Yule mwenye tenda ya kupakia kule ghalani. Mwanzo wa msimu alichukua katoni nzima, eti awape watu wake pumzi. Baadaye akarudi analalamika. Watu wanakunywa, haoni tofauti. Nikamwambia unga wa samaki siyo uchawi, wape chakula, wape siku ya kupumzika. Akanicheka."

"Hukumwuliza kwa nini watu wake wanahitaji pumzi?"

Amedeus aliinamisha kichwa. "Sikumwuliza."

"Basi siku nyingine uulize," Sabaha alisema, akachukua kopo lake na lile lililofunguliwa, akatoka.

Nje Benedikto alikuwa ameshaingia kwenye gari. Alikuwa mzaliwa wa hapa, mtu mzima mwenye subira nyingi, lakini sasa alikuwa akigongagonga usukani.

"Twende ghalani, Afande. Nyapara alitukabidhi hili kopo makusudi ili tuje kumsumbua huyu."

"Najua. Tukienda sasa tutakuta ghala safi na watu waliofundishwa cha kusema. Kwanza nataka kujua Mustafa alikunywa nini. Nipeleke Likunja."

*

Vumbi jekundu liliwafuata njia nzima. Kila walipopita mikorosho palikuwa na watu wameinama chini yake wakiokota, na pembeni mwa barabara magunia yalisubiri kubebwa. Msimu ulikuwa umechanganya. Kila gunia lile lingepita begani mwa mtu.

Zulfa, mjane wa Mustafa, alikuwa amerudi ndani kukaa eda, asionane na wanaume. Benedikto alibaki kwenye gari, Sabaha akavua viatu na kuingia peke yake. Zulfa alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika shuka jeupe. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyemsalimu Sabaha kwa Kiswahili kisha akarudi kwenye Kimwera chake, akizungumza taratibu na ukuta.

"Anasema nini?" Sabaha aliuliza.

"Anasema mtoto wake alikuwa anabeba magunia toka yuko mdogo, hajawahi kushindwa gunia." Zulfa alivuta shuka lake begani. "Nyapara alipouleta mwili alituambia hii ni kazi ya Mungu. Afande, mimi ni Muislamu, kazi ya Mungu naijua. Kilichomuua mume wangu kilikuwa kinachotwa kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya kazini. Inakaa pale ghalani, bosi anawawekea dawa ya nguvu, wote wanachota kikombe kimoja. Mwanzo aliniambia ni samaki wa baharini, haina neno. Baadaye akasema dawa imebadilishwa, ya sasa kali zaidi. Ukinywa, unabeba mpaka jioni husikii mgongo."

"Yeye alionaje?"

"Alifurahi. Alisema atamaliza kuezeka hii nyumba." Alionyesha juu kwa kidole. Nusu ya chumba ilikuwa bati, nusu nyasi. "Ijumaa ya mwisho alikuja nyumbani. Shati la kwendea msikitini alishindwa kulifunga vifungo, mikono inamtetemeka kama mzee. Nikamfunga mimi. Tulipolala nikaweka sikio kifuani kwake, moyo unakwenda kama mtu aliyefukuzwa na mnyama. Nikamwambia usirudi. Akasema wiki moja tu, Zulfa, malori yamejaa."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa amekunja ncha ya shuka mkononi na kuikaza mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Aliwahi kuja nayo hapa, hiyo dawa?"

Zulfa alimtazama mama mkwe wake, kisha akanyanyuka, akaingia chumba cha ndani. Alirudi na chupa ya maji ya plastiki iliyojaa hadi nusu.

"Aliileta anywe akilima ufuta. Nikaificha. Nikamdanganya kwamba imemwagika." Aliishika kwa mikono miwili bila kuitoa. "Yule nyapara alipokuja na maiti aliniuliza kama marehemu aliacha kitu chochote cha kazini. Nikamjibu hakuacha kitu. Hapo ndipo nilipoanza kutia shaka. Mtu analeta maiti, anauliza chupa?"

Sabaha alinyoosha mkono akaipokea. Juu maji yalikuwa mepesi, na yalinuka dagaa kama yale ya jimu. Lakini chini palikuwa pametuama machicha, yamelala kama chokaa, rangi ya waridi iliyofifia.

Aliitikisa taratibu. Machicha yalipanda, yakazunguka, yakashuka tena. Hayakuyeyuka.

"Mama," alisema Sabaha, "hii chupa ndiyo ushahidi wangu wote. Umefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya."

"Sitaki kusifiwa, Afande. Nataka nijue."

*

Daktari Beatrisi ndiye aliyempokea Mustafa siku ile hospitalini Nachingwea. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Sabaha alimkuta akimaliza kuzungukia wagonjwa. Aliisikiliza habari ya mikono na vifungo vya shati akiwa amesimama. Ilipofika habari ya moyo, alivuta kiti akakaa.

"Lete hiyo chupa."

Alimimina kidogo tu kupitia kitambaa cheupe cha bandeji, mengine akayabakiza kwa ajili ya mkemia wa serikali. Maji yalipita. Kwenye kitambaa yakabaki yale machicha ya waridi. Daktari aliyatawanya kwa ncha ya kibano, akainama, akakaza macho. Kisha akainua kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa na upande mmoja wa mviringo, na katikati mfereji, ule unaochorwa ili kidonge kivunjike sawasawa.

"Hiki siyo samaki," alisema.

"Ni nini?"

"Mkemia ndiye atakayekwambia kwa maandishi. Lakini hii rangi, huu mchoro, na hiyo mikono unayonieleza... Ni vidonge vya pumu, Afande. Vinafungua kifua. Mwenye pumu akimeza kama alivyoandikiwa, anapumua, anashukuru Mungu. Wako wanamichezo wanaovimeza kuiba pumzi. Ukizidisha mikono inatetemeka, moyo unakimbia, misuli inakakamaa, madini ya mwilini yanashuka. Sasa chukua mtu huyo mtwishe gunia la korosho, juani, hajala vizuri, jasho linamtoka..."

Aliacha hapo. Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake, kwa nguvu isiyohitajika.

"Kilichotuama chini ya ndoo kinakuwa kizito zaidi," aliendelea. "Wa kwanza anachota maji. Anayekuja mwisho anachota vidonge. Nani huwa anakunywa wa mwisho?"

Sabaha alikuwa tayari amesimama. "Anayebeba mpaka mwisho," alisema.

"Basi wahi, Afande. Kama wengine bado wanakunywa, waleteni wote hapa. Wote. Hata anayesema hajambo."

*

Ghala lilikuwa limefungua milango yote miwili. Lori lenye trela lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka kizingitini, limejaa karibu nusu, na foleni ya watu ilikuwa ikipanda ubao ulioegemezwa nyuma yake. Kila mtu gunia begani, shingo imepinda, macho chini. Waliokwisha kutua mzigo walishuka mbio. Hakuna aliyetembea.

Kwenye nguzo ya kwanza palikuwa na ndoo ya bluu yenye mfuniko, na juu yake kikombe cha bati.

"Simamisheni kazi," Sabaha alisema.

Hakuna aliyesikia. Benedikto akapiga filimbi. Foleni ilisimama, magunia bado mabegani, kama kwamba hawakujua wayaweke wapi.

Saturnini, nyapara, alikuja haraka kutoka ndani akijipangusa vumbi la korosho. Alikuwa mrefu, kichwa kimeanza mvi, kofia ameikunja mkononi. "Afande, shikamoo. Hili gari linasubiriwa bandarini Mtwara, tukichelewa..."

"Tueni magunia," Sabaha aliwaambia watu, akimpita. "Hapohapo mlipo. Mtu asiguse hiyo ndoo."

Magunia yalianguka moja baada ya jingine. Sabaha alimsogelea mtu wa karibu. Alikuwa amekonda usoni, macho mekundu, mshipa wa shingoni ukirukaruka.

"Jina lako?"

"Saadi. Natoka Nambilanje."

"Nyoosha mikono, Saadi."

Aliinyoosha. Vidole vilicheza vyote. Alijaribu kuvituliza, akashindwa, akaificha mikono nyuma kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Wengine," Sabaha alisema. "Nyoosheni."

Walinyoosha wote. Mikono iliyokuwa imebeba magunia tangu asubuhi ilitetemeka mbele yake, safu nzima. Mtu mmoja alicheka kwa aibu, kisha akaacha.

Sabaha alimgeukia nyapara. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Benedikto, aliyekuwa akimfahamu kwa siku mbili tu, alisogea hatua moja karibu.

"Nani anaweka dawa kwenye hii ndoo?"

"Mimi naweka maji tu, Afande. Unga naletewa, umeshachanganywa. Ni wa samaki, wa baharini. Lile kopo niliwapa."

"Ulinipa kopo la unga mzuri ili nikamkamate muuza unga mzuri. Mustafa hakuwahi kununua kopo. Aliyelitia kwenye mfuko wake ni nani?"

Saturnini alikunja kofia yake zaidi.

"Na wewe, unakunywa?"

"Mimi? Hapana. Mimi nina presha."

"Nani alikwambia mwenye presha asinywe?"

Wapakiaji walikuwa wakimtazama. Saadi alikuwa amesogea mbele.

"Nakuuliza, Saturnini. Kwa sababu mwenye kuuza huu unga anampa mama yake mwenye presha. Ni samaki. Sasa nani alijua kwamba hii ya kwenye ndoo inakwenda kwenye moyo?"

"Bosi," Saturnini alisema. "Bosi Eustakio. Alisema wewe usiguse, utakufa."

Neno lile alilisikia mwenyewe baada ya kulitamka, akashusha macho.

"Wewe usiguse, utakufa," Saadi alirudia taratibu. "Na sisi je, kaka?"

Gari dogo jeupe lilikuwa likiingia getini, na mlango wake ulifunguliwa kabla halijasimama vizuri. Eustakio alishuka akiwa na simu sikioni. Alivaa shati lililopigwa pasi na viatu visivyo na vumbi. Alilitazama lori, akayatazama magunia chini, kisha ndipo akawaona polisi. Simu akaitia mfukoni.

"Karibuni, Afande. Mngenipigia tu, ningekuja ofisini. Kuna tatizo gani?"

"Unawapa nini watu wako?"

"Lishe. Kazi ni ngumu, nawasaidia. Wakandarasi wengine hata maji hawawapi. Nina muuzaji, anaitwa Amedeus..."

"Tumetoka kwake. Kwa nini ulimkataza Saturnini asinywe?"

Eustakio alimtupia nyapara jicho la haraka, akatabasamu. "Ana presha. Samaki wa baharini wana chumvi. Kila mtu anajua chumvi na presha haviendani."

Lilikuwa jibu zuri, na alilitoa bila kusita. Benedikto alimtazama mkubwa wake.

"Nimeuonja," Sabaha alisema. "Hauna chumvi. Ungekuwa umeuonja na wewe, ungejua. Lakini hujawahi kuuonja, siyo?"

"Afande, mimi siyo mtaalamu wa..."

"Sajini, fungua buti ya hilo gari."

"Mna kibali cha kupekua?"

"Mtu amekufa na wengine wanatetemeka mbele yangu. Nitakieleza mahakamani. Fungua, Sajini."

Chini ya turubai, nyuma ya gurudumu la akiba, Benedikto alikuta mfuko wa unga na makopo makubwa meupe ya dawa, yale ambayo maduka ya dawa huhesabia vidonge. Mengine yalikuwa tupu. Katikati yao palikuwa na mashine ya kusagia viungo vya jikoni, na ndani ya kikombe chake vumbi la waridi lilikuwa limeganda pembeni. Benedikto hakukigusa. Aliita tu, "Afande," na kusogea ili wote waone.

Eustakio hakutabasamu tena. "Wao wenyewe walitaka," alisema. "Waulizeni. Hakuna aliyelazimishwa. Walinishukuru. Nina watu wachache, malori yanakuja usiku na mchana, mnataka nifanye nini?"

"Uajiri watu wengine," alisema Saadi.

"Wewe nyamaza."

Na hapo Saturnini, aliyekuwa amesimama kando kama mtu asiyehusika, aliitupa kofia yake chini.

"Usimnyamazishe," alisema. "Umemnyamazisha Mustafa, inatosha." Alimgeukia Sabaha, akizungumza haraka, kama anaogopa kwamba akituliza sauti ataacha. "Alipoanguka alikuwa hai, Afande. Alikuwa ananitazama. Anasema kifua, kaka Saturnini, kifua. Gari la bosi lilikuwa hapahapa, hospitali siyo mbali. Nikampigia simu, yuko kwenye chai hapo nje. Akaja. Akasema kabla ya kumgusa, mwaga ile ndoo. Ioshe. Ioshe na sabuni. Nikaosha mimi. Akaona haijatakata, akaniambia rudia. Nikarudia. Ndipo tukampakia."

Mpakiaji mmoja alikaa juu ya gunia na kuweka kichwa kati ya magoti.

Sabaha alimwendea Eustakio mpaka akawa karibu kuligusa shati lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi. Aliukunjua, akachukua pingu kiunoni mwa Benedikto, akamfunga nazo mwenyewe, akazikaza tundu moja zaidi kuliko ilivyohitajika. Kisha kwa pingu nyingine akamfunga Saturnini, naye akatoa mikono bila kuambiwa.

Dereva wa lori alikuwa ameshuka, ameshika mlango. "Afande, na huu mzigo?"

"Huu mzigo hauendi popote. Wapakie hawa watu. Nenda nao hospitali."

"Wakae wapi? Nyuma kumejaa magunia."

"Wakae juu yake. Wameyapandisha wenyewe, wana haki ya kuyakalia."

Walipanda ubao ule ule, mikono mitupu. Wengine walisaidiwa. Saadi alipanda wa mwisho, na alipofika juu miguu ilimlegea, wenzake wakamdaka mikono yote miwili na kumvuta ndani.

*

Jioni Daktari Beatrisi alitoka wodini akakaa kwenye ngazi, pembeni ya Sabaha.

"Saadi nitakaa naye. Moyo wake haujatulia, lakini amewahi. Wengine wanapata maji, wanashuka taratibu. Hakuna nitakayempoteza leo."

"Asante, daktari."

"Usinishukuru. Nimekasirika sana, sijui niiweke wapi hasira yangu." Alinyanyuka, akarudi ndani.

Eustakio alikuwa mahabusu. Kabla ya kufungiwa alikuwa ameomba wakili, kisha akaomba maji, kisha akauliza kama lori limeondoka. Chupa, ndoo na mashine ya kusagia vilikuwa vimefungwa kwa lakiri, tayari kwa mkemia. Benedikto alikuwa kwenye ofisi ya kituo, ng'ambo ya uwanja wa hospitali, akiandika maelezo ya Saturnini, naye nyapara alikuwa akieleza bila kuulizwa, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Simu ya Sabaha iliita. Ilikuwa ya Zulfa. Habari zilikuwa zimeshafika Likunja kabla yake, kama kawaida.

"Wanasema mmemkamata bosi," Zulfa alisema.

"Tumemkamata. Na nyapara."

"Wanasema kulikuwa na dawa ya wagonjwa kwenye ndoo."

"Ndiyo. Ile chupa uliyonipa ndiyo iliyotuonyesha."

Kwa mbali ilisikika sauti ya bibi, akiuliza kitu kwa Kimwera. Zulfa hakumtafsiria.

"Wanasema waliosha ndoo kwanza."

Sabaha alifumba macho. Angeweza kumwambia kwamba uchunguzi unaendelea. Ndivyo inavyosemwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Waliosha ndoo kwanza," alisema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Sauti ya Zulfa ilikuwa tulivu kama asubuhi ile alipokuwa amekaa kwenye mkeka.

"Na yeye alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona, mama."

"Basi hilo liandike," Zulfa alisema. "Mengine yote acha hakimu aamue. Hilo uliandike wewe kwa mkono wako."

Sabaha aliinuka kwenye ngazi, akavuka uwanja kuelekea ofisini, akamwambia Benedikto ampishe kiti.